Harrier nyeusi na utando wa buibui: ununue nini kwanza?

Swali limetoka Moshi, mtaa wa Pasua:

"Shikamoo fundi. Mwaka jana nilinunua Harrier nyeusi, mtumba wa Japani. Ikiwa kivulini inapendeza, lakini nikiegesha juani mnamo saa nne asubuhi, boneti na milango inaonyesha mikwaruzo midogomidogo ya duara kama utando wa buibui. Kijana mmoja ameniambia ataimaliza kwa nusu siku, anatumia grainda aliyoifunga sponji. Mimi nataka ninunue mashine yangu nijifunze mwenyewe, taratibu. Tatizo ni kwamba madukani nakuta chupa nyingi: kompaundi, polishi, glezi, nta. Ninunue nini kwanza, na nifanyeje nisiharibu gari?"

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa gari. Nianze na hilo la grainda, maana ndilo linaloweza kukutia hasara wiki hii hii: usikubali. Grainda ndogo ya kukatia vyuma, ile ya inchi nne na nusu, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine halisi ya kupolishi yenye mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000, na anayeijua vizuri ni nadra kuifikisha huko juu. Kuifunga grainda sponji hakuipunguzii mbio. Ikitulia sekunde chache tu kwenye ukingo wa boneti, rangi inapata moto, inalainika, inaondoka na sponji, na wewe unabaki unatazama praima.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Mwaka wangu wa pili wa kazi, hapa Arusha, niliunguza ukingo wa mlango wa gari la mteja. Wala haikuwa grainda, ilikuwa mashine nzuri ya mzunguko mmoja, ila mkono wangu ulikuwa bado mchanga na nilikuwa na haraka ya kufunga kazi. Alama yenyewe haikuzidi kijiti cha kiberiti. Lakini hakuna chupa duniani inayorudisha rangi iliyokwisha kutoka. Mlango mzima ulipulizwa upya kwa gharama yangu, na bado kwenye mwanga wa jioni ulionekana tofauti na fenda iliyo jirani yake. Ndiyo maana kila anayeniuliza kuhusu polishi namwambia jambo moja kabla ya yote: rangi ya gari ni akiba ambayo huweki tena, unatoa tu. Kazi yetu ni kutoa kidogo iwezekanavyo.

Ni akiba ya kiasi gani? Chukua karatasi moja ya kawaida ya kuandikia. Unene wake ni karibu mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya kiwandani kwenye mlango wa gari la Kijapani, kuanzia kwenye bati hadi juu, huwa inakaribia unene huo, mara nyingi kati ya mikroni 90 na 130. Katika hiyo, ile klia ya juu inayoleta mng'ao na kuikinga rangi na jua ni kama mikroni 35 hadi 50. Mikwaruzo unayoiona imo ndani ya klia, na ni michache sana inayozidi mikroni kadhaa kwenda chini. Kupolishi maana yake ni kuishusha klia yote ya jirani mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo. Ukitumia vifaa laini, unashusha mikroni moja, mbili au tatu. Ukitumia vifaa vikali bila sababu, unashusha maradufu ya hapo, na mwakani ukirudia unashusha tena. Jua letu huku halina huruma, na klia iliyopungua sana huja ikafa: inapauka, kisha inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Umeshayaona magari ya namna hiyo, hasa kwenye paa na boneti.

Kuhusu yale maduara, kuna kitu kitakachokusaidia kazini. Mikwaruzo yako haiko kwenye duara. Imekwenda huku na huku bila mpango, ila jua linapopiga, inayomeremeta machoni pako ni ile tu iliyokingamana na njia ya mwanga, na yote hiyo kwa pamoja inaonekana kama pete kulizunguka jua. Sogea hatua mbili kando, pete itakufuata. Mkwaruzo unaobaki palepale ukisogea ni mwingine kabisa: huo ni wa mwiba, wa ufunguo, au wa mtoto aliyepita na begi la shule. Upitishe ukucha juu yake polepole. Ukucha ukinasa, usiufukuze kwa mashine. Utapungua kuonekana, na hapo uridhike.

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua boneti utafute kibati kidogo chenye namba za gari kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Palipoandikwa rangi, Harrier nyingi nyeusi zina namba 202. Kama ndiyo hiyo, mafundi wa kupolishi wanaijua kwa sifa moja: ni laini. Inakwaruzika kwa kufutwa tu, lakini pia inakubali kunyooka kwa dawa nyepesi, na kwako wewe unayeanza hiyo ni nafuu kubwa. Ubaya wake ni kwamba sponji ngumu yenyewe inaweza kuiachia ukungu wa mikwaruzo mipya. Kwa hiyo kwa gari lako, kitu chochote kilichoandikwa kuwa kinakata sana, kiache dukani.

Sasa mashine. Nunua ile ambayo wengi wanaiita DA. Sponji yake inajizungusha, na wakati huohuo inayumba huku na huku kama mtu anayekoroga uji. Kule kuyumba ndiko kunakokulinda. Ukiikandamiza kupita kiasi inaacha kujizungusha na kubaki inatetema tu, kwa hiyo ni vigumu sana kuunguza nayo rangi kwa bahati mbaya. Inafanya kazi polepole kuliko ya mzunguko mmoja, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa mtu wa kwanza. Hizi mashine hutofautiana kwa upana wa kuyumba, nao huandikwa kwa milimita: 8, 15 au 21. Ya 8 ndiyo ya bei nafuu na inaingia vizuri kwenye mikunjo. Ya 15, kama zile za Rupes ya Italia na nyingine zilizoifuata, ni tulivu mkononi na inamaliza boneti haraka zaidi. Ya 21 inataka paneli pana zilizonyooka, wewe iache. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya 15 yenye kisahani, yaani kile kinachoshika sponji, cha inchi tano. Kama hauruhusu, ya 8 yenye kisahani cha inchi tano itakufikisha palepale, ila mikono itachoka mapema.

Ndugu wengi walioko Marekani hutuma mashine kama zawadi. Angalia maandishi ya umeme kabla hujaichomeka. Zile za huko ni za volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja itakufa papo hapo. Na hata ukinunua hapa, kagua kama ina kitufe cha kuifunga iendelee kuwaka bila kushikiliwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kabla hujaiweka chini. Nimeona mashine iliyoachwa juu ya boneti ikirukaruka yenyewe baada ya umeme kurudi, na waya wake ukauchapa mlango.

Kwenye dawa ndiko watu wanakopotezea fedha. Chupa zote ulizozitaja zinagawanyika mahali pamoja tu: zinazokata na zisizokata. Kompaundi inakata kwa nguvu. Polishi inakata kidogo na kung'arisha. Glezi haikati kitu, inajaza mikwaruzo kwa mafuta, na baada ya kuosha mara mbili tatu unaiona yote imerudi. Nta na silanti hazikati, zinakinga. Mtu akikuonyesha gari linalong'aa kwa nusu saa ya kusugua kwa mkono, kwa kawaida amepaka glezi.

Wewe nunua chupa moja tu ya polishi ya kati au laini. Kwa rangi kama ya kwako ningeanza na Meguiar's M205, au Menzerna 3500 ya Ujerumani ambayo ni laini pia. Ukiona haifui dafu, panda ngazi moja hadi Menzerna 2500. Meguiar's M105 na Menzerna 400 ni za kukata sana, za rangi ngumu na za kufuta alama za msasa wa maji. Kwenye nyeusi laini zitakuachia ukungu, kisha utalazimika kununua chupa nyingine ya kuufuta huo ukungu. Usiogope kwamba umechagua laini mno. Laini ikishindwa umepoteza dakika tano, kali ikizidi umepoteza klia. Hakikisha chupa ina lakiri yake. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata muuzaji akikuapia, huwezi kujua ndani kuna nini.

Sponji zina umuhimu kuliko chupa, na hapa ndipo ningekuomba usibane matumizi. Rangi za sponji hazina sheria; ya njano ya kampuni moja ni ngumu na ya kampuni nyingine ni laini, kwa hiyo soma maandishi au ibonyeze kwa kidole. Nunua nne au tano za kati na mbili laini za kumalizia, za inchi tano na nusu kwa kisahani cha inchi tano. Kwa nini nyingi? Kwa sababu sponji inanyonya dawa na klia iliyotolewa, inalowa, inapata joto, na baada ya paneli moja au mbili inakuwa haikati bali inapaka tope. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kulalamika kwamba polishi yake haifanyi kazi. Nilimpa sponji kavu na safi, polishi ileile, na mlango ukanyooka mbele yake. Za manyoya na za maikrofaiba, ambazo nazo hufungwa kwenye mashine, ni za kukata. Kwako hazina kazi.

Ongeza taulo za maikrofaiba kama kumi zenye nyuzi ndefu na zisizo na mshono mkali pembeni, utepe wa karatasi wenye gundi wa wapaka rangi (masking tape), udongo wa kusafishia rangi (clay bar, siyo udongo wa ardhini) pamoja na kilainishi chake, na alkoholi ya isopropili kutoka duka la kemikali. Tochi unayo, ni simu yako.

Ukishavipata hivyo, usianze kesho yake. Subiri siku ambayo gari halina safari. Pasua kuna vumbi, na Januari na Februari joto la Moshi ni la kupika, kwa hiyo panga kuanza saa kumi na mbili asubuhi na kusimama jua likikaza, chini ya paa na si chini ya mti. Nyunyizia maji ardhini kabla hujaanza ili vumbi litulie. Weka kiganja juu ya boneti: kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, bati lina moto mno, dawa itakauka kabla haijafanya kazi.

Osha gari kwa utulivu. Ondoa matone ya lami kwa dawa yake, siyo kwa petroli. Kisha ingiza vidole kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, ule wa mkate unafaa, na upapase rangi iliyokwisha kuoshwa. Utasikia vipele ambavyo kidole kitupu hakivisikii. Hivyo ndivyo udongo wa kusafishia unavyovinasa: lowesha kwa kilainishi, uteleze bila kukandamiza, ukunje upande safi kila mara. Ukianguka chini, utupe, hata kama ni mpya. Umeshabeba mchanga, na huo mchanga utauandika kwenye mlango.

Halafu ziba kwa ule utepe wa karatasi: plastiki nyeusi, mipira ya madirisha, nembo, na zaidi ya yote kingo kali za boneti na milango, maana huko klia ni nyembamba kuliko kokote. Bampa ni plastiki, haipitishi joto kama bati, kwa hiyo punguza mkono ukifika hapo. Na wewe mwenyewe: vua pete na saa, funga khanga kiunoni ifunike zipu na vifungo, pitisha waya wa mashine begani. Mikwaruzo kadhaa niliyoiona kwenye milango baada ya kupolishiwa ilitoka kwenye mkanda wa mpolishaji.

Mahali pa kujifunzia ni mlango wa nyuma, sehemu ya katikati, mraba wa sentimeta 50 kwa 50. Hapa nakuomba utumie muda mrefu kuliko unavyodhani, hata asubuhi nzima. Weka sponji ya kati kwenye mashine, katikati kabisa ya kisahani, maana ikikaa upande itatetemesha mkono mpaka kiwiko. Dondosha matone manne ya polishi, kila moja kama punje ya choroko. Gusisha sponji mlangoni mashine ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Ukiwasha hewani utajipulizia dawa usoni na ukutani. Kwa mwendo namba moja au mbili sambaza dawa, kisha panda hadi nne au tano.

Sasa enda polepole. Hapa ndipo karibu kila anayeanza anakosea: mkono unakimbia kana kwamba anapiga deki. Mashine isogee sentimeta mbili au tatu tu kwa sekunde, kila mstari ufunike nusu ya mstari uliopita, kwanza kushoto kulia, kisha juu chini. Pita hivyo mara nne hadi sita. Uzito wa mashine pamoja na mkono wako uliolegea unatosha kabisa. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito pembeni mwa kisahani. Ukiuona unazunguka, uko sawa, na ukisimama ujue umekandamiza au umeinamisha mashine upande. Sponji ilale bapa muda wote. Mpito wa mwisho ondoa kabisa uzito wa mkono, uache mashine yenyewe ikimalizia.

Futa kwa taulo safi, kisha nyunyiza alkoholi iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa sehemu nne za maji au zaidi, usizidishe ukali kwenye rangi laini. Ufute tena. Hiyo ni ya kuondoa mafuta ya polishi, ambayo huficha mikwaruzo na kukudanganya kwamba kazi imekwisha. Zima taa, washa tochi ya simu, imulike rangi kutoka pembeni, kisha toka ukaangalie juani.

Ukiona mikwaruzo mingi imeondoka na weusi umekolea, umepata mchanganyiko wako: mashine hiyo, sponji hiyo, dawa hiyo, mipito hiyo. Usibadilishe kitu, zunguka nao gari zima. Ukiona mikwaruzo ya zamani bado ipo, rudia eneo hilohilo kwa mwendo wa polepole zaidi kabla hujafikiria dawa kali. Na ukiona mikwaruzo ya zamani imetoka lakini pamebaki ukungu mwembamba kama pumzi kwenye kioo, huo umeuleta wewe kwa sponji. Pita tena kwa sponji laini, dawa kidogo, mwendo namba tatu, bila uzito wowote. Rangi nyeusi laini karibu kila mara hudai mpito huo wa pili, usikate tamaa.

Kuna alama nyingine ya kuangalia siku hiyo. Polishi kwenye sponji ikibadilika kuwa nyeusi, klia huna mahali hapo. Aidha gari ni la rangi ya tabaka moja, jambo linalotokea zaidi kwa Toyota nyeupe za namba 040, au paneli imepulizwa upya huku nyumbani au huko ilikotoka. Rangi ya tabaka moja inapolishika vizuri, ila unatoa rangi yenyewe, kwa hiyo pita mara chache. Iliyopulizwa upya ni kitendawili. Inaweza kuwa nene, inaweza kuwa imesuguliwa msasa mpaka ikabaki utando. Fundi mwenye kipimo cha unene akikupitishia gari zima kabla ya kuanza, mlipe kwa furaha. Namba zikiruka kutoka 110 kwenye mlango hadi 250 kwenye fenda, fenda hiyo ilishapuliziwa rangi. Na zikishuka chini ya 80 popote, pale usiguse kwa mashine, paka nta tu.

Gari zima usilifanye kwa siku moja. Boneti na fenda za mbele Jumamosi, milango Jumapili, paa na buti wiki inayofuata. Kila baada ya eneo moja piga sponji kwa brashi ya nailoni utoe tope lake. Jioni zioshe sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, zikamue kwa kiganja bila kuzisokota, uzilaze zikaukie kivulini. Paa lina joto zaidi na mara nyingi limechoka zaidi kwa jua, kwa hiyo hapo mipito mitatu minne inatosha hata kama haijakuridhisha. Lengo ni mikwaruzo minane kati ya kumi. Hiyo miwili iliyobaki ndiyo ya ndani, na kuifukuza ndiko kunakomaliza klia.

Kinga ni jambo fupi. Paka nta au silanti siku hiyohiyo, kiasi chembamba, na urudie kila miezi miwili au mitatu. Kinga ya seramiki inadumu zaidi lakini inataka mkono uliozoea. Ikikaukia vibaya juu ya nyeusi, ni mashine tena. Ifikirie mwakani.

Limebaki lililosababisha yote. Niambie ukweli, dada yangu: asubuhi kabla hujaenda kazini, nani anafuta gari? Kwenye nyumba nyingi za Moshi na Arusha kuna kijana au mlinzi anayechukua kitambaa kikavu na kuondoa vumbi la usiku, kwa moyo mwema kabisa, tena kwa mduara. Udongo wetu ni wa volkano, wa Kilimanjaro huko kwenu na wa Meru huku kwetu, na chembe zake ni ngumu kuliko klia. Kile kitambaa kinakuwa msasa. Ongeza wanaoosha magari kando ya barabara, wenye ndoo moja, sabuni ya unga, na tambara lililotoka kuosha tairi za gari lililotangulia, na hapo ndipo utando wako wa buibui ulikofumwa.

Kwa hiyo, kabla hata ya mashine, nunua ndoo mbili. Moja ya maji yenye shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu ya kuoshea kila baada ya paneli moja. Kwanza mwagia gari maji mengi, vumbi literemke lenyewe bila kuguswa. Kisha osha kuanzia paa kushuka chini, kwa mistari iliyonyooka, na sehemu ya chini ya milango iwe ya mwisho. Tairi ziwe na ndoo yake na kitambaa chake, visikutane kamwe na vya rangi. Kaushia kwa taulo kubwa la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta, siyo kusugua, na usiache maji ya kisima yakaukie juani, yanaacha madoa ya chumvi. Vumbi la asubuhi liache. Gari lenye vumbi halijaharibika.

Zungumza na huyo kijana wako kwa upole, umweleze sababu, umwonyeshe pete za mikwaruzo saa nne juani kama ulivyoniambia mimi. Akishaziona mwenyewe hatafuta tena kwa kitambaa kikavu. Ukimaliza ule mraba wa kwanza kwenye mlango wa nyuma, niandikie tena. Niambie kibati kilisema namba gani, ulitumia sponji ipi, na ulibaki na ukungu au la, nikuelekeze hatua ya pili.